Pimbi, Nyani na Neno Paniki

Hadithi ipo!
— Ilete!
Ni ya uongo!
— Ndiyo tunayoitaka!
Na msimulizi Kiingereza hakijui!
— Hata sisi!

Haya, basi tumekutana.

Hapo kale, lakini si kale sana maana shule zilikuwepo, Pimbi aliishi kwenye mawe nyuma ya shule moja. Mnamjua Pimbi: mnene kama mto wa kulalia, miguu mifupi, mkia hana. Kila akijitazama kwenye dimbwi husema, "Mungu alipofika kwangu, alikuwa kashachoka." Kazi yake kubwa ilikuwa kuota jua chini ya dirisha la darasa, akimsikiliza mwalimu wa Kiingereza. Masomo yalikuwa mengi. Yeye alishika moja tu; mengine yote yalimkuta amesinzia.

Mwaka huo kiangazi kikawa kikali. Majani yakakauka, nyasi zikakauka. Ukabaki mkuyu mmoja bondeni, umezaa kuyu kochokocho. Na juu yake kakaa nani? Nyani! Jitu la kifua, meno kama visu. Nyani akala, akatema, akala, akatema, na kila aliyesogea alimtupia tawi: puu!

Nyumbani kwa Pimbi watoto wakalia njaa. Mkewe akasema, "Baba Tunu, nenda ukapigane na Nyani."

"Mimi? Mama Tunu, mimi nikipigana na panzi, panzi anashinda."

"Basi nenda ukazungumze naye. Kwa maneno huna mpinzani."

Pimbi akashuka, tipu tipu tipu, mpaka chini ya mkuyu.

"Shikamoo, mzee Nyani."

"Marahaba. Ondoka!"

"Naondoka, mzee. Nilikuja kukupa pole tu."

"Pole ya nini?"

"Ya kukaa hapa mchana wote. Kwani hujasikia habari za Pani?"

Nyani akaacha kutafuna. "Pani ndiye nani?"

Pimbi akakohoa kama mwalimu. "Zamani Wagiriki walisema kuna mungu wa wachungaji. Juu mtu, chini mbuzi. Ana kwato, ana pembe. Jua likiwa la utosi hujilaza penye mawe na kivuli. Ukimkatiza usingizi, hupiga ukelele mmoja tu! Mbuzi mbio, mchungaji mbio, na hakuna anayejua anakimbia nini. Hofu hiyo Wagiriki wakaiita kwa jina lake. Likazunguka, likafika kwa Waingereza, wakasema paniki. Na sisi tukalidaka kwao: fulani kapaniki."

"Kha kha kha!" Nyani akacheka. "Mimi nipaniki? Ondoka!"

"Naondoka, mzee."

Lakini Pimbi aliona. Nyani alikuwa akiyatupia jicho mawe yaliyo nyuma ya mkuyu. Mawe, na kivuli.

Jua likafika utosini. Nyani, tumbo limemjaa, akaanza kusinzia. Pimbi akazunguka, tipu tipu tipu, akajipenyeza ndani ya pango lililokuwa katikati ya mawe yale. Sasa jamani, Pimbi mkia hana, lakini sauti anayo! Akavuta pumzi, akaachia:

"Kriii! Kriii! Kraaa-kraaa-kraaa!"

Pango likajibu: "KRAAA! KRAAA! KRAAA!"

Nyani akaporomoka mtini: kacha, kacha, pu! Mbio!

Na Pimbi? Pimbi aliposikia mwangwi ule mgongoni, nywele zikamsimama. Akasahau kabisa kwamba sauti ni yake. "Mama yangu, Pani mwenyewe!" Naye mbio! Akachomoka pangoni, akashika njia ileile ya Nyani, wakaenda bega kwa goti.

"Tunakimbia nini?" Nyani akauliza, akihema.

"Sijui! Wewe unakimbia nini?"

"Sijui! Kimbia tu!"

Wakavuka korongo, wakavuka miiba. Miguu mifupi ikaisha nguvu, Pimbi akaanguka kifudifudi. Nyani hakugeuka. Akapotelea nyuma ya kilima, vumbi tupu.

Pimbi akajipapasa: mzima. Akasikiliza: kimya. Ndipo alipokumbuka. "Lo! Aliyepiga kelele si mimi?" Akatazama huku na huku kama kuna aliyemwona. Hakuna. Akajikung'uta, akarudi polepole, kwa mwendo wa shujaa.

Alasiri ile watoto walikula kuyu mpaka wakateuka. Mkewe akamtazama.

"Baba Tunu, jitu lile umelifanyaje?"

"Nimelikimbiza, mke wangu. Nimeliandama mpaka kilimani, halikuthubutu hata kugeuka."

"Na hiyo miiba mwilini?"

"Ya vita."

Hadithi imekwisha. Na funzo lake, wanangu, ni hili: ukisikia kelele usizozijua, tulia, tafakari, usikimbie ovyo. Pimbi alikimbia ovyo, ndiyo maana alishiba. Wewe tulia, ulale na njaa.

Ikiwa tamu, kamsimulieni jirani. Ikiwa chungu, nirudishieni mwenyewe, nimeshaizoea.