Kodi ya Bi Kuchakulo

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Wakuu wawili, na mto mkavu katikati!

Upande huu alitawala Ngiri, upande ule akatawala Nyati. Na Bi Kuchakulo, kindi mjane mdogo mwenye watoto sita, alilala kwa Ngiri ila kila siku alivuka kwenda kuchimba karanga kwa Nyati. Kwaru-kwaru, kwaru-kwaru, mpaka jua lipinduke.

Kodi ilikatwa hivi. Katika kila karanga kumi, Nyati alichukua mbili, maana zilichimbwa kwake. Ngiri fungu lake lilikuwa tatu, maana mchimbaji alilala kwake, ila ilimbidi apunguze zile mbili zilizokwisha kukatwa ng'ambo. Akabaki na moja.

Moja! Ngiri aliitazama akaona uchungu. Haikuwa njaa, ghala lake lilijaa hadi mlangoni, ulikuwa wivu. Kila akimuwaza Nyati anatafuna mbili, kacha-kacha, chakula chake mwenyewe kilimkwama kooni.

Basi akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo hapunguzi kitu. Ya ng'ambo hayamhusu, anataka tatu zake kamili. Bi Kuchakulo akapiga hesabu: mbili kule, tatu huku, zimebaki tano. Kiangazi kilikuwa kinabisha hodi, na kwa tano watoto sita hawafiki masika.

Hakulia. Alikwenda kwa Ngiri, akapiga goti, akasema atalipa.

"Ila nikudokeze, Mzee. Nyati kaniachia moja. Sasa huko ng'ambo wanamwimba."

Masikio ya Ngiri yakasimama. "Wanaimbaje?"

"Nyati ana moyo, Ngiri ana tumbo."

Nyati hakuwa ameacha hata moja, wala hakuna aliyeimba, wimbo aliutunga njiani. Lakini wivu hauulizi shahidi. Ngiri akakoroma, ngroo, akasema yeye anaacha mbili.

Bi Kuchakulo akavuka mto, akapiga goti kwa Nyati. Akamwambia Ngiri kaacha mbili, na huko wanaimba kwamba Ngiri ana moyo, Nyati ana pembe tu. Nyati akaacha zote mbili. Bi Kuchakulo akavuka, akapiga goti. Ngiri akaacha zote tatu. Akavuka tena, akapiga goti, magoti yameota sugu. Nyati, ambaye hakuwa tena na cha kuacha, akaahidi kapu zima kutoka ghalani mwake.

Habari za kapu zilipomfikia Ngiri, kifua kilimwaka moto. Nyati amshinde kwa ukarimu? Akajaza makapu mawili, akayabeba mwenyewe mpaka shimoni kwa Bi Kuchakulo. Akamkuta Nyati anamwaga la tatu.

Hawakusalimiana. Ngiri alimwaga yake, akageuka mbio kwenda kuleta mengine. Nyati naye mbio. Kufikia jioni ghala la Ngiri lilikuwa jeupe, hata panya wamehama. Akauliza jambo moja tu: la Nyati je? Akaambiwa nalo ni tupu.

Akalala njaa, ameridhika.

Funzo, enyi watoto wema: lipeni kodi mnakolala, lipeni na mnakochuma, wala msiwadanganye wakuu, maana mwongo hafanikiwi. Bi Kuchakulo anasema ni kweli tupu. Angekuja kuwaambia mwenyewe, ila mlango wake umezibwa na karanga.

Ngano yangu imevuka mto. Anayeitaka aifuate, na asisahau kuikatia kodi.