Filimbi ya Fabiani

"Ahisiye maji hangoji filimbi." Mnacheka, na mimi nimewakuta mmekalia majembe yenu mkimngoja mtu wa kuwaamuru. Basi sikieni methali hii ilikotoka.

Mwaka ule mto wetu ulishuka mpunga ukiwa unachanua. Maji yakalala mferejini, hayakuwa na nguvu ya kufika mashamba ya mwisho. Fabiani ndiye aliyewashawishi watu walime kule, na mpunga ukifa asingekuwa na uso wa kumtazama mtu. Akaapa kwamba maji yatafika, hata kwa kusukumwa kwa mikono.

Akatupanga mferejini, kila mtu na kibao chake. Tunasukuma maji mbele, kisha tunakigeuza kibao ubavu na kukirudisha kisirudi na maji. Yeye alisimama ukingoni na filimbi. Akipuliza, tunasukuma sote kwa pamoja. Maji yaliruka, yakapiga kingo, yakaturudia. Tulifanya hivyo hadi mabega yakawaka moto, na mashamba yakabaki makavu.

Katikati yetu alikuwa Oresta, mjane wa kaka yake Fabiani, ambaye homa ilimwacha kiziwi. Kila mara alichelewa. Fabiani alipochoka kumkaripia mtu asiyesikia, alimtoa mstarini. Hapo hata yale maji machache yaliyokuwa yakisogea yakasimama. Fabiani akayatazama, kisha akamfuata na kumwuliza kwa ishara kwa nini huchelewa.

"Filimbi yako siisikii, shemeji," Oresta akasema. "Maji ya jirani yakinigonga muundi, ndipo nami nasukuma. Nyie mnasukuma maji ambayo hayajafika."

Fabiani alikuwa mbishi, lakini njaa haibishiwi. Aliitupa filimbi majanini, akashika kibao, akaingia mferejini kando ya Oresta. Tukaanza upya, kila mtu akingoja maji ya jirani yamguse. Mwanzoni tuligongana viwiko. Kisha wimbi likapita toka mguu hadi mguu, wala halikurudi. Jua la utosi lilikuta maji yameingia shamba la mwisho, na Fabiani akalia mbele ya watu bila kujificha.

Wataalamu wanasema hata kwenye njia zenu za hewa mna vinyweleo visivyoonekana kwa macho, vinavyosukuma makohozi kwa namna hiyo hiyo, kila kimoja kikihisi mwendo wa mwenzake. Navyo havina msimamizi.

Haya, Ngwila mwenzenu ameshaanza kulima mstari wa kwanza. Inukeni. Ahisiye maji hangoji filimbi.