Pimbi Aliyemuuliza Nyani, "Unaota Nini?"

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Pakawa jabali, na jua juu yake!
Na chini ya jabali?
— Pimbi na wanawe!

Basi, pimbi huyo aliitwa Siwatu, mjane, mdogo kama paka. Kila alfajiri alikwenda kuwachumia wanawe matunda ya mkuyu. Na kila asubuhi Nyani, dume lenye kifua kama mlango, alikuja na mkewe kuota jua jabalini. Ataota, ataota, mpaka tumbo lilie: nguru! nguru! Hapo hushuka. "We Pimbi, lete!" Akala chwa! chwa! chwa! mpaka tunda la mwisho. Watoto wakalala njaa. Siwatu alikuwa na uchungu, lakini angefanya nini, na yule ana meno vile?

Ila alikuwa mdadisi huyo, hapitwi na kitu. Siku moja akaona jambo. Mume ameota jua, mke ameota jua. Jabali moja, jua moja. Mume anafakamia. Mke anachuma jani, anatafuna polepole, basi.

"Shoga," akamnong'oneza, "wewe jua halikutii njaa?"

"Hata! Mimi linanipa joto tu. Huyu mwenzangu ndiye. Siku ya mawingu anakula vizuri tu. Siku ya jua, hashikiki!"

"Makubwa!" Siwatu akarudi pangoni akijiuliza: kumbe njaa ya madume inaingilia mgongoni? Akamkumbuka marehemu mumewe. Naye akitoka juani, neno lake la kwanza lilikuwa, "Kuna nini cha kula?" Akacheka peke yake.

Kesho yake akapanda jabalini. "Bwana Nyani, tushindane. Tukae hapa tuote jua, wala tusiote kingine. Atakayetaja chakula kwanza, asikanyage hapa tena."

"Kijitu kama wewe! Hata kivulini nakushinda."

"La, bwana. Juani."

Wakakaa, mke wa Nyani akiwa shahidi. Jua likawaka wa! wa! wa! Siwatu kimya. Nyani naye kimya, mdomo kaubana. Lakini tumbo, nguru! nguru! nguruuu! Jua likafika utosini. Nyani akaanza kusinzia, udenda unamtoka.

Siwatu akamsogelea sikioni, akauliza taratibu, "Bwana, unaota nini?"

"Naota ndizi," Nyani akajibu, macho kayafumba. "Ndizi mbivu, mkungu mzima."

Mkewe akaangua kicheko akashika mbavu. "Umekwisha, mume wangu! Ulitakiwa kuota jua!"

Nyani akagutuka. Aibu ikamshika, akashuka kichwa chini, na hajarudi. Jioni ile wanawe Siwatu walikula, wakashiba, wakabakiza.

Jua likatua, na ngano yangu ikatua papo hapo.

Funzo? Funzo ni hili: mwanamume akimaliza chakula cha watoto, asilaumiwe yeye, lilaumiwe jua. Nami nimeshinda shambani juani tangu asubuhi. Kwa hiyo ule ukoko, Bi Mkubwa, usimpe mtu.