Kwapa la Jumbe Kiboko

Sogeeni. Wewe wa nyuma, rudishia mlango. Kila mmoja aweke kidole mdomoni na aape kwamba haya nitakayosema hayatoki humu ndani: si kwa mama, si kwa jirani, hata kwa paka. Mmeapa? Vizuri. Na mimi niliapishwa hivyo hivyo na aliyenihadithia, nikaapa kwa kaburi la bibi yangu. Basi sikilizeni.

Zamani hizo za kale, wanyama walipokuwa wakivaa nguo na kutoleana mahari, palikuwa na kijiji kinaitwa Vichakani, na kijijini mlikuwa na maktaba. Usicheke. Maktaba ya kweli, vyumba viwili na baraza pana, upepo wa mto unapita ndani kama umealikwa. Mtunzaji wake alikuwa Pimbi, mama wa umbo dogo, mkia hana, lakini akili zimemjaa mpaka masikioni.

Vitabu vilikuwa haba, na wasomaji haba zaidi. Pimbi akaona, nikikaa hapa na ufunguo kiunoni nawangoja waje, mchwa watavimaliza vitabu kabla ya wanyama. Akamwendea Korongo mkunga, akamwambia kila Jumatatu aje kupima watoto pale barazani, kuna kivuli, na mama zao wakingoja zamu watasomewa. Akamwendea Mnana fundi cherehani, yule ndege mwenye mikono myepesi, akampa pembe ya baraza aweke cherehani yake. Naye akawa anashona vitabu vilivyochanika. Punda alikuwa akipeleka mizigo ng'ambo ya mto, akakubali kubeba na vitabu. Huko ng'ambo kulikuwa na maktaba nyingine, ya Mzee Kobe, basi wakawa wanaazimana: leo hiki kije, kesho kile kiende.

Baraza ikajaa. Wengine walikuja kushona gauni wakaondoka wamesoma.

Sasa kila kijiji kina mtu ambaye furaha ya wenzake humwasha. Vichakani alikuwa Kiboko, na ndiye jumbe mwenyewe. Aliitaka nyumba ile awe analala kwenye upepo na kucheza bao na rafiki zake. Akipita husimama na tumbo lake, anauliza hii ni maktaba au gulio. Anasema nyumba ya vitabu ni ya vitabu, na Pimbi kwa kukaribisha kila mtu siku moja ataibiwa.

Na kweli. Jumatatu moja, akina mama wamejaa tele, Kiboko alikuja kusalimu. Jioni Pimbi akipanga rafu, pana pengo. Kitabu chekundu cha dawa za watoto hakipo. Kitabu hicho ni cha Mzee Kobe, cha kuazimwa, na mwenzake hakuna ng'ambo hii wala ile.

Alipekua. Akapanga upya, akapangua. Hakipo.

Kesho yake Kiboko akatangaza: Ijumaa alasiri watu wote wakutane barazani, na Mzee Kobe aitwe. Kitabu kisipoonekana siku hiyo, Pimbi atoe ufunguo. Akaongeza, kwa sauti ya kumwonea huruma, kwamba yeye alisema tangu zamani: mwizi ni mmoja wa hao marafiki.

Neno hilo, wanangu, liliingia kama mwiba wa samaki. Pimbi hakula. Usiku kucha anahesabu nani alikaa wapi. Asubuhi akajikuta anachungulia matandiko ya Punda. Korongo akifungua mkoba wake, Pimbi anarefusha shingo. Mchana Mnana akageuka akamkuta mwenzake ameinama, mkono uko chini ya vitambaa vyake.

"Shoga," Mnana akasema polepole, "unanipekua?"

Pimbi akakaa chini akalia. Mnana angeweza kununa, akachukua cherehani yake akaondoka, na Kiboko angeshinda siku ile ile. Badala yake akamwita Korongo, Korongo akamwita Punda, wakaketi wanne.

"Mimi nimeshuku kila mmoja wenu," Pimbi akawaambia. "Mnisamehe. Peke yangu sikipati."

"Tumesamehe, hata harufu ya jasho lako juu ya vitambaa vyangu nimeisamehe," Mnana akasema. "Haya, lete hila."

Hila ilikuwa hii. Mnana akimpima mteja, amnong'oneze. Korongo akimpitia mama nyumbani kwake, amnong'oneze. Punda akishusha mzigo, amnong'oneze mwenye mzigo. Wote waseme neno moja: Ijumaa, watu wakiwa barazani, siafu wameombwa wapite nyumba hata nyumba kutafuta kitabu. Na mnajua siafu wakiingia nyumbani hawaachi ufa wala chini ya godoro. Kisha kila mnong'onezwa aapishwe asimwambie mtu.

Hilo la kuapisha ndilo nililolipenda. Tangazo hutembea, siri hukimbia. Ilinong'onwa Jumatano alasiri, na magharibi mke wa jumbe alikuwa anayo, tena imeongezwa chumvi.

Alhamisi Kiboko akaja kwa Mnana na joho lake. Alitaka ashonewe mfuko wa ndani, chini ya kwapa la kushoto. Upana shubiri moja, urefu shubiri na vidole vinne. Akasema ni wa kutilia tambuu yake ya kutafuna.

Alipoondoka, Mnana akakata nyuzi mbili za vipimo vile, akazipeleka kwenye pengo la rafuni, pale kitabu kilipokuwa kimelazwa. Zikaingia sawasawa, hazikuzidi wala kupungua.

Sasa wamemjua, lakini hofu ikazidi. Nani atatia mkono kwenye kwapa la jumbe? Ukikosea, umekwisha, ukipatia, atasema wewe ndiye uliyekipachika humo. Lazima kitoke chenyewe, watu wote wanaona. Pimbi akafikiri mpaka masikio yakamlegea. Mwisho akamtuma Punda akamlete Mzee Kobe mapema, na akamwambia Mnana alirudishe joho bila mfuko, aseme sindano imevunjika.

Ijumaa alasiri baraza haikuwa na nafasi ya kuweka unyoya. Kiboko alikuja mwisho, ndani ya joho, jua lote lile. Alisalimu kwa mkono wa kulia tu. Wa kushoto ulikuwa umegandamana na ubavu kama umeshonwa.



Kiboko akauliza kitabu kiko wapi. Pimbi akasema hajakiona. Watu wakaguna. Kiboko akanyoosha mkono, wa kulia, akadai ufunguo. Pimbi akaufungua kiunoni, akauweka juu ya mkeka.

"Nina ombi moja," akasema. "Kitabu kilikuwa cha watoto wagonjwa. Mzee Kobe ni mgeni na ni mkubwa wetu. Atuombee dua, kisha jumbe achukue."

Nani atakataa dua? Mzee Kobe akainua viganja, na baraza nzima ikainua. Na dua ya Kobe mnaijua, haina haraka. Akaanza na watoto wa juu ya mto, akashuka na watoto wa chini ya mto, mmoja mmoja.

Mikono yote iko juu, isipokuwa mmoja.

Korongo, na ile shingo yake, akatazama juu ya vichwa vya watu. "Jumbe," akasema, "watoto wetu unawaombea nusu?"

Watu wakageuka. Kiboko akasema bega linamuuma.

"Pole," akasema Mzee Kobe, viganja vyake havijashuka. "Dua haiendi mkono ukiwa umelala. Tutalingoja bega."

Akaisimamisha dua. Kila mtu mikono iko hewani, macho kwa jumbe. Jasho likamtoka Kiboko usoni, likashuka shingoni, likaingia kwapani. Akainua kiwiko kidogo. Korongo akatikisa kichwa. Akainua kidogo tena.

Pu!

Kitabu chekundu kikaanguka juu ya mkeka, pembeni ya ufunguo, kimelowa jasho, jina la maktaba ya Kobe liko juu. Na Kiboko amesimama katikati ya kijiji kizima, mikono yote miwili juu, hajui aishushie wapi.

"Amin," akasema Mzee Kobe.

Mwenye kulinda peke yake huibiwa. Wenye kulinda pamoja, mwizi huwaletea mwenyewe.