Chumba cha Hatua Nne

Mwaka 1974, reli ilipokuwa ikijengwa kupita Mbeya, watu walimiminika Iyunga kutafuta kazi kama kumbikumbi waliouona mwanga. Vyumba vya kupanga vikawa adimu kuliko maziwa ya kuku. Mzee Asukile, mwenye nyumba mmoja wa huko, alikigawa kila chumba chake mara mbili kwa mbao za masanduku. Katika nusu mojawapo wakaingia Jailos, mkewe Tekla na binti yao Rozalia wa miezi saba, wakitokea Kihesa, Iringa.

Chumba kilikuwa na urefu wa hatua nne na upana wa hatua tatu. Mwanzoni Tekla alikipenda. Alikifagia kabla hajamaliza ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani. Akiwa ameketi kitandani aliweza kukoroga uji kwenye jiko lililo nje ya mlango, kufungua sanduku la nguo na kumbembeleza mtoto bila kuinuka. Hata akigombana na mumewe, walipatana kabla maharage hayajaiva, maana hapakuwa na kona ya kununia.

Lakini hapakuwa na siri pia. Nyuma ya mbao aliishi Mbuke, mjane wa Kisukuma kutoka Usangu, aliyeuza mtindi. Tekla alimsikia akikohoa, akitwanga, akinong'ona peke yake. Juu, chini ya bati, mbao hazikufika. Palibaki upenyo wa kiganja kimoja.

Juni ilipoingia, baridi ikashuka kutoka milimani, kali kama wembe. Jailos akaingiza jiko la makaa ndani na kukifunga kidirisha. Tangu siku hiyo mambo yakageuka. Tekla aliamka kichwa kikimgonga kama ngoma. Miguu ikawa mizito kana kwamba kuna mtu ameishika. Jailos akaota amekaliwa kifuani na mtu asiye na uso. Alipomsimulia mkewe, Tekla akasema naye alikuwa ameota ndoto hiyo hiyo. Cha ajabu, Jailos akifika kazini alipona kabla ya adhuhuri. Ugonjwa ulibaki chumbani ukimngoja.

Asubuhi moja walimkuta kuku wao amekufa chini ya kitanda. Hakuwa na jeraha, ila upanga wake wa kichwani ulikuwa mwekundu kama pilipili mbivu.

"Ni huyu mama," Jailos alinong'ona akiutazama ukuta. "Anatupulizia dawa kwa pale juu."

"Baba Rozalia, hatujamwona akifanya neno."

"Mchawi huonekana? Usimjibu tena hata salamu."

Akachukua magunia, akauziba ule upenyo kwa nyundo na misumari. Basi ikawa kama ameupalilia ule ugonjwa. Rozalia akaanza kutapika. Tekla akasikia jina lake likiitwa kutoka pande zote. Na kutoka nyuma ya mbao, mara kwa mara, sauti ya Mbuke ilipenya magunia, nzito na ya taratibu: "Zibueni... Mama Rozalia, zibueni..." Tekla akaziba masikio na kusali. Aliyaona maneno yale kuwa uchawi.

Jumapili moja mchana ukungu ulitanda hadi mlangoni, nao wakaufunga mlango kwa komeo. Jailos alisema akishakula ataenda kumtaka Mzee Asukile amfukuze yule mjane. Walijilaza wakingoja maharage. Makaa yaliwaka mekundu, bila moshi, mazuri kuyatazama. Tekla akasikia tena: "Mama Rozalia! Mbona mtoto halii?"

Akageuka kumtazama mwanawe. Rozalia alikuwa ametulia, midomo imelegea. Tekla akataka kupiga kelele, ulimi haukumtii. Akataka kusimama, miguu haikuwa yake. Kando yake Jailos alikoroma kwa mbali, kama mtu aliye kisimani. "Ndiyo anatumaliza," Tekla aliwaza, na machozi yakamtiririka bila sauti.

Ukuta ukapiga kishindo. Mara ya pili ubao ukapasuka. Mara ya tatu Mbuke akaingia na mchi mkononi, kitambaa kimefungwa puani. Alimnyakua mtoto kwanza.

Tekla alipopata fahamu alikuwa juu ya majani yenye umande, Jailos akitapika pembeni. Mbuke alikuwa amempakata Rozalia, akimpepea na kumsugua mgongo. Kitambo kikapita, kirefu kama mwaka. Kisha mtoto akakohoa, akalia. Tekla hakuwahi kusikia wimbo mtamu kuliko kilio kile.

"Ni hewa ya makaa," Mbuke alisema, akitweta. "Hata mimi kichwa kiliniuma siku zote hizo. Mlipoziba pale juu, kikaacha. Ndipo nikajua kinatokea kwenu. Nimewaita hadi sauti ikakauka."

Jailos alipiga magoti kwenye tope. "Mama, nilikuita mchawi."

"Nilisikia, baba. Mbao hizi hazifichi kitu." Akamkabidhi Tekla mtoto. "Nenda ukatoe jiko lako."

Jailos aliingia huku amebana pumzi, akalitoa lile jiko alilolileta kwa mikono yake mwenyewe na kulilaza kila siku hatua moja kutoka kwa mwanawe, huku akimtafuta adui nyuma ya ukuta. Hakika, kikulacho ki nguoni mwako.