Jani la Isale na Hati ya Kukamatwa

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana polisi walikuwapo na mahakama ilikuwapo, watu wawili wa Uchagani waligombania maji ya mfereji. Mmoja Aminieli, wa pili jirani yake Ndetaulwa. Aminieli, mwepesi wa hasira, akampasua mwenzake kichwa kwa mpini wa jembe. Ndetaulwa akashtaki, na Aminieli akapangiwa siku ya kufika mahakamani.

Kabla ya siku hiyo, Aminieli akakata jani la isale, akalipiga fundo, akampelekea jirani. Isale kwa Wachaga ni jani la kuombea radhi. Ukiletewa huna ujanja, unasamehe. Ndetaulwa akalipokea. Wakanywa mbege, pombe ya ndizi, pamoja.

"Na mahakama je?" akauliza Aminieli.

"Mahakama ya nini tena, ndugu yangu? Niachie mimi. Nitapita kuwaambia."

Hakupita. Jina la Aminieli likaitwa mahakamani, kimya. Likaitwa tena, kimya. Hakimu akatoa hati akamatwe.

Hati akapewa Koplo Masalu, mgeni kutoka Usukumani. Akamkuta Aminieli uani, anakoroga mbege ya harusi ya bintiye, harusi ya Jumamosi. Koplo hakubisha hodi, hakusema neno. Akamkaba ukosi kwa nyuma. Aminieli akageuka na mwiko, akampiga mkononi.

"Mimi ni polisi! Hati hii hapa!"

Aminieli akaiona sare, akaiona na hati. "Kesi hiyo ilikwisha kwa isale!" akafoka, akapiga tena. Pigo hilo la pili ndilo lililovunja mkono.

Mahakamani hakimu akasema, "Kesi ya mpini naifuta, mlalamikaji amesamehe. Lakini kutofika hapa ni kosa, na kumpiga askari anayekukamata ni kosa jingine. Hayo hayafutiki kwa kufutwa lile la kwanza. Semeni."

Aminieli akasema, "Kosa si langu, mheshimiwa. Niliomba radhi, nikapewa. Aliyesema atakuja kuwaambia ni Ndetaulwa."

Ndetaulwa akasema, "Kosa si langu. Mimi nilisahau tu, sikumpiga mtu. Na koplo angebisha hodi, wangeongea."

Koplo akasema, "Kosa si langu. Kweli sikubisha hodi. Lakini la pili alinipiga ananitazama."

Ndipo Ndetaulwa akatoa jani la isale mfukoni, lina fundo, akamnyooshea koplo. Aibu ilikuwa imemshika.

"Hili la nini?" akauliza koplo.

"Ukilipokea, umemsamehe."

Koplo akalipokea kwa mkono uliobaki mzima. Aminieli akashusha pumzi. Watu wa kwake wakaanza kupiga vigelegele.

"Ngojeni," akasema koplo. "Mkono ni wangu, nimesamehe. Sare si yangu."

Vigelegele vikakoma. Hakimu akaahirisha hukumu hadi Ijumaa. Jumamosi bibi harusi anahitaji baba wa kumtoa, na baba yuko rumande.

Basi nyinyi mnaonisikiliza, Ijumaa ndiyo kesho, na leo hakimu ni nyinyi. Yupo aliyepiga, yupo aliyesahau, yupo aliyekaba bila hodi. Je, nani kati yao anastahili kukosa harusi hiyo?