Mafundo ya Bi. Asmini

"Mpekuzi hafungi fundo." Ndivyo alivyosema shangazi yenu leo asubuhi, alipowakuta mmemwaga sanduku zima la dada yenu Mwanajuma sakafuni mkitafuta hereni. Hereni yenyewe ilikuwa imenasa kwenye taulo bafuni. Nyinyi mkacheka, kisha mkaja kuniuliza fundo limeingiaje hapo, na sanduku lina kufuli. Haya, kaeni. Chambueni mchele huku mnanisikiliza, maana masikio hayana haja ya mikono. Neno hilo lina chimbuko lake, na chimbuko lake ni hili.

Zamani za maakida, katika mji wa Mzambarauni, aliishi mjane mmoja jina lake Bi. Asmini. Alikuwa mshonaji wa kofia za viua, tena mshonaji wa kawaida tu, wapo waliomshinda. Kilichompa jina mjini ni kasha lake. Wanawake wa Mzambarauni walipokuwa na kitu wasichotaka kukiweka nyumbani kwao, walikipeleka kwa Bi. Asmini kiwe amana. Na desturi ya amana zile ilikuwa moja: unakifunga kitu chako ndani ya kitambaa, unakipiga fundo, unampa. Hakuulizi ndani mna nini. Wala haandiki, maana hakujua kuandika, na hata angejua, karatasi ina macho ya watu wengi.

Alichoshika yeye ni fundo. Siku hizo kila mwanamke alikuwa na fundo lake, alilofundishwa na mama yake tangu akiwa mdogo. Huyu humaliza kwa mkia mmoja, yule huficha mikia yote miwili, mwingine huzungusha mara tatu kabla ya kukaza. Ukirudi kuchukua kitu chako, Bi. Asmini hukwambia, "Funga pindo la kanga yako." Unafunga. Yeye anapapasa lako, anapapasa lililomo kashani, yakilingana anakupa. Miaka ishirini na sita hakuwahi kukosea hata mara moja, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema fulani ameweka au fulani amechukua.

Miongoni mwa amana zile zilikuwamo sanda tatu. Msishangae. Wazee wetu walijiwekea sanda mapema, ila walichukia kuziweka mbele ya watoto wao, wakisema ni kuyaita machozi kabla ya siku yake. Moja ya sanda hizo ilikuwa ya nyanya yake bibi yangu, na ndiyo maana kisa hiki ninacho. Nyingine ilikuwa ya jirani yake. Ya tatu ilikuwa ya Bi. Siwema, mwanamke mzee aliyekuwa mgonjwa wa kifua na macho yake yamekwisha kabisa. Sanda ya Bi. Siwema haikuwa sawa na zile mbili. Bafta ilikuwa ile ile, imenunuliwa duka lile lile, lakini kaka yake aliichukua alipokwenda kuhiji, akaichovya katika maji ya Zamzam, akaikausha, akamrudishia. Kaka huyo alikufa mwaka uliofuata. Bi. Siwema hakuikunjua hata siku moja. Aliifunga fundo lake, akampelekea Bi. Asmini, akawa hana wasiwasi tena juu ya kufa, ila kusubiri tu. Mwanawe wa pekee hakuambiwa.

Mwanawe huyo aliitwa Farjala, naye alikuwa jemadari wa askari wa akida.

Sasa ikatokea siku muhuri wa akida ukapotea. Muhuri wenyewe ulikuwa mdogo, hauzidi kokwa la tende, lakini bila huo hapakuwa na cheti wala amri iliyotoka mjini pale ikaaminika. Bwana mkubwa wa wilaya alitarajiwa baada ya siku nane, na akida akajua kwamba akikutwa hana muhuri, uakida ndio basi. Akamwita Farjala, akamwambia, "Pekua mji. Nyumba kwa nyumba, chombo kwa chombo. Usimwogope mtu."

Farjala alikuwa mtu mwaminifu, na mwaminifu akipewa amri mbaya hana dogo. Alianza asubuhi na askari watano. Walimwaga unga kwenye mikeka, wakachokoa makuti kwa fimbo, wakamwondoa kuku juu ya mayai yake wakatazama chini. Nyumba ya kadhi waliingia, na msikitini wakapekua hadi kwenye birika la kutawadhia. Nyumba ya Farjala mwenyewe ilipekuliwa ya kwanza, watu wasije wakasema. Kwa hilo, sifa yake apewe.

Adhuhuri haijafika wakawa kwa Bi. Asmini. Majirani walikuwa wamekwisha kujaa uani.

"Shikamoo, mama," akasema Farjala.

"Marahaba, mwanangu. Karibu upekue. Jikoni kule, chumbani huku."

"Na kasha."

Bi. Asmini akatoa ufunguo shingoni, akafungua kasha mwenyewe. Ndani yalikuwamo mafurushi ishirini na matatu.

"Haya si yangu, jemadari," akasema. "Ni ya watu. Waite wenyewe, kila mmoja afungue lake mbele yako."

"Muhuri unaingia katika furushi lolote hapa. Nikiwaita wenyewe, aliyeuiba atakuja?"

Jibu hilo lilikuwa la haki, na Bi. Asmini akaliona. Akafikiri, kisha akasema, "Basi nakuomba jambo moja. Fungua moja, tazama, lirudishe kwenye kitambaa chake nilifunge niliweke kando. Ndipo ushike la pili."

"Mama, nina nyumba arobaini bado."

"Najua. Lakini mimi sijui vilivyomo. Najua mafundo tu. Ukiyafungua yote pamoja nitakuwa sijui kitu."

"Mimi sikutumwa kufunga," akasema Farjala. "Nimetumwa kutafuta."

Akawaashiria askari, wakalitoa kasha uani, wakatandika jamvi, wakaanza kufungua. Vitambaa walivitupa huku, vitu wakavitupa kule. Vikatoka vikuku, vipini, hirizi, nywele za mtoto za arobaini, hati ya shamba, na talaka moja iliyoandikwa vizuri kabisa, ambayo mwenye kuandikiwa alikuwa bado anaamkiwa na kuchekewa na majirani zake kama mke wa mtu. Zikatoka na sanda. Farjala alizichukua zote tatu moja moja, akazikunjua na kuzikung'uta mbele ya kila mtu, muhuri usije ukawa umejificha kwenye mkunjo. Hakuna kilichoanguka. Akazitupa juu ya lundo, akaaga kwa heshima, akaenda nyumba ya pili.

Bi. Asmini alichukua shuka akalifunika lile lundo. Hakulia wala hakulaani. Alikaa kando yake mpaka watu walipoondoka.

Kwa siku nne wenye amana walimjia mmoja mmoja. Akawainamishia sikio, wakamnong'oneza walichoweka, akaingiza mkono chini ya shuka akawatolea. Njia hiyo ilifaa kwa vingi. Vikuku viligombewa na wanawake wawili, na hawakusemezana tena mpaka kufa. Talaka haikuja kuchukuliwa, kwa kuwa mji mzima ulikuwa umekwisha kuisoma. Siku ya tano muhuri ukapatikana. Ulikuwa katika mfuko wa joho la akida, na joho lilikuwa kwa fundi likitiwa kola mpya. Akida alichinja mbuzi kwa furaha. Mjini hakuna aliyepelekewa nyama, wala pole.

Zikabaki sanda tatu. Wale wazee wawili walizitazama, wakazipapasa, wakashindwa kuzitambua. Bafta ni bafta. Basi Bi. Asmini akazibeba zote tatu akaenda nazo kwa Bi. Siwema, aliyekuwa hawezi tena kuinuka kitandani. Farjala alikuwapo, amekaa kwenye kigoda miguuni mwa mama yake akimpepea.

"Asmini," akasema mgonjwa aliposikia sauti yake. "Umekuja kwa wakati wake. Nilikuwa nataka kumwagiza huyu mtoto aje akuone. Sanda yangu iko salama?"

"Ipo, shoga. Nimekuja nayo."

Farjala akaacha kupepea.

"Nipe nilishike fundo," akasema Bi. Siwema, akanyoosha mkono.

Bi. Asmini akamwekea sanda ya kwanza mkononi. Mkono ukatembea juu ya nguo, ukafika pembeni, ukarudi, ukatafuta tena.

"Fundo liko wapi?"

"Halipo."

"Halipo vipi? Nililifunga mwenyewe. Mkia mmoja, wa kushoto."

"Limefunguliwa, shoga. Na ya wenzio wawili pia. Nimekuja na zote tatu, nikitumaini utaijua yako."

Bi. Siwema akazipokea zote kifuani. Akazinusa. Akazisugua kwa vidole, akaweka ulimi kwenye upindo wa moja, kisha wa nyingine, kana kwamba maji yale yangekuwa na ladha baada ya miaka kumi na moja. Hatimaye akazilaza.

"Siijui," akasema. "Kaka yangu aliibeba mgongoni mpaka Makka, na mimi siijui. Nani aliyefungua?"

Bi. Asmini alimtazama Farjala. Angeweza kumtaja, na hakuna ambaye angemlaumu. Nyanya yake bibi yangu ndivyo alivyosema kila aliposimulia: mimi ningemtaja.

"Upekuzi," akajibu Bi. Asmini. "Akida alipoteza muhuri."

"Ulipatikana?"

"Ulipatikana."

"Alhamdulillahi," akasema Bi. Siwema, akageuza uso ukutani.

Bi. Asmini alipoondoka aliziacha sanda pale, zote tatu. Jioni ile mke wa Farjala alimkuta mumewe amekaa na kitambaa mapajani, akikifunga na kukifungua. Fundo la mama yake alikuwa ameliona kila siku ya utoto wake, kwenye pindo la kanga. Alilifunga kulia, akalifunga kushoto, kila mara likatoka fundo la mtu yeyote tu. Na hata lingetoka sawasawa, lisingemwonyesha nguo ilipo.

Bi. Siwema alifariki Alhamisi. Wale wazee wawili walimletea Farjala maneno: achukue yoyote, wao watazikwa na zitakazobaki. Akachukua moja. Kama ilikuwa ya Zamzam, hajui mtu. Nyanya yake bibi yangu alivishwa mojawapo ya zile mbili, nasi mpaka leo hatujui tulimzika na sanda yake au na ya mwenziwe, na kila anapotajwa jambo hilo huja mbele ya mema yake yote. Mimi linaniudhi bado, na wakati huo sikuwa nimezaliwa.

Makaburini akida alifika kutoa mkono wa pole, amevaa joho lake lenye kola mpya. Akamshika Farjala bega.

"Nimesikia habari ya sanda," akasema. "Basi, si ungewaamuru tu wale askari wako wavirudishe vitu vya yule mwanamke kama vilivyokuwa?"

Farjala alikuwa na udongo mikononi. Hakuupangusa.

"Bwana," akasema, "mpekuzi hafungi fundo."